Linki za Kamisheni Zikae Wapi Katika Ukurasa wa Mapishi?

Barua

Kwa Bi Mshauri,

Assalam aleikum. Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kutoka Kisauni kuomba ushauri kuhusu tovuti yangu ya mapishi ya Pwani. Huandika kwa Kiswahili namna ya kupika mahamri, mkate wa kumimina, viazi vya karai, biriani, samaki wa kupaka na vyakula vingine tulivyolelewa navyo hapa Mombasa. Wasomaji wangu wengi wako Kenya, lakini wapo pia jamaa zetu wanaoishi Uingereza, Marekani, Dubai na Oman, na hao ndio wanaoniandikia zaidi, kwa kuwa wameikosa ladha ya nyumbani.

Nilijiunga na mpango wa afilieti wa Amazon, ambao humlipa mwenye tovuti kamisheni msomaji anapopitia linki yake na kununua kitu. Nimeweka bango la duka juu kabisa ya kila ukurasa, nimepanga picha za blenda, sufuria na mizani katika safu ya pembeni, na ndani ya maelezo nimekitia linki kila chombo ninachokitaja, hata kijiko, na hata kikitajwa tena na tena. Wanaoingia ni wengi, hasa mwezi wa Ramadhani, lakini wanaobofya ni wachache na wanaonunua karibu hawapo. Mama mmoja wa Malindi, mtu mzima, ameniandikia kwamba zamani alikuja kwangu kujifunza kupika, na sasa kila akigusa simu anajikuta dukani.

Mpwa wangu anasema niongeze linki, kwani zikiwa nyingi hata bahati itaongezeka. Rafiki yangu anasema nizifiche, wasomaji wasijue kwamba napata chochote. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema atanunua vitu vyake vyote kupitia linki zangu ili akaunti isifungwe, maana nimeambiwa ni lazima nipate mauzo matatu ndani ya siku 180. Nifuate lipi kati ya haya, na linki zenyewe niziweke wapi?

Wako mtiifu,
Mpishi wa Kisauni

Jibu

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Usifuate hata moja kati ya hayo matatu, na nitakueleza sababu ya kila moja. Aliyekupa ushauri wa maana ni yule mama wa Malindi, ingawa yeye alidhani analalamika tu. Amekuonyesha kwamba linki zako zimewekwa pale zinapomzuia mtu kufanya alichokuja kufanya, na linki ya namna hiyo haiuzi hata ikizidishwa mara kumi. Kazi yako sasa ni kuzipunguza, na zile zitakazobaki kuzihamishia mahali ambapo haja ya chombo inazaliwa akilini mwa msomaji.

Anza kwa kujiuliza ni nani anaufungua ukurasa wako na yuko katika hali gani. Wapo wa aina mbili. Wa kwanza yuko jikoni wakati huohuo: simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mikono ina unga, na anachotafuta ni kipimo cha hamira au muda wa kuumua. Huyu hawezi kununua blenda saa hiyo, kwa sababu hata akiilipia haitamfikia kabla unga haujaumuka. Wa pili amekaa kitako usiku akipanga atakachopika Ijumaa au atakachowaandalia wageni wa Idi. Huyu ana nafasi ya kufikiri, ana muda wa kusubiri mzigo, na pengine anajua kwamba blenda aliyonayo imechoka. Linki zako zimhudumie huyu wa pili bila kumsumbua yule wa kwanza, na ukilishika hilo, mengi ya yanayofuata utayaona mwenyewe.

Chukua simu, si kompyuta, uufungue ukurasa wako kama mgeni. Katika tovuti nyingi za leo, safu ya pembeni unayoiona kwenye kompyuta haibaki pembeni kwenye simu. Huteremka hadi chini kabisa, baada ya mapishi yote kwisha. Yale mapicha ya blenda na mizani uliyoyapanga kwa uangalifu yako huko chini, mahali ambapo watu wachache sana hufika. Bango la juu nalo lina maradhi yake: linamlaki mtu kabla hujamwambia lolote, naye amekwisha zoea kuruka mabango kwa macho, na wengine wana programu za kuzuia matangazo ambazo huenda zikaliondoa kabisa. Vilevile angalia kama umeweka kile kitufe cha kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye mapishi. Ikiwa umekiweka, na ni vizuri kukiweka, basi linki zote ulizotia katika hadithi ya utangulizi zinarukwa na kila anayekigusa. Liondoe bango, uiache safu ya pembeni iwe na mambo mengine, na uzitoe linki zilizomo katika utangulizi.

Sasa tuuchukue ukurasa wako wa mkate wa kumimina, kwa sababu ni mfano mzuri kuliko yote. Mkate huu unataka mchele ulioloweshwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui mpaka ukawa laini kabisa, bila chenga. Kila aliyewahi kuupika anajua kwamba hapo ndipo penye mtihani: blenda dhaifu huuacha mchele na chembe, na mkate ukiiva unakwaruza ulimini. Kwa hiyo sentensi inayosema, «Ikiwa ukisugua uji wa mchele baina ya vidole unahisi chenga, endelea kusaga,» ndiyo inayomfanya msomaji aifikirie blenda yake. Linki ya blenda ikae hapo, mara moja, katika maelezo mafupi ya kumsaidia: kwamba wewe unatumia blenda ya nguvu kadhaa, kwamba unasaga kwa mafungu madogo ili mota isipate joto, na kwamba mwenye blenda ndogo anaweza kufaulu akiupa mchele muda zaidi wa kulowa na akapitisha uji kwenye chujio. Unaona kwamba nimempa na njia ya kutonunua. Hilo ni la makusudi: msomaji akiona umemwonyesha pia namna ya kutumia alichonacho, atakuamini siku utakapomwambia kwamba kitu fulani kinafaa kununuliwa.

Katika ukurasa huohuo chombo cha pili chenye haki ya linki ni sufuria au chombo cha kuokea, kwa kuwa upana na kina chake hubadilisha unene wa mkate na muda wa kuiva, na aliyeko ughaibuni anayetumia oveni badala ya makaa ya juu na chini atakuuliza kipimo chake. Kijiko, bakuli na kikombe havina swali lolote, basi viache. Kwa maoni yangu ukurasa wa mapishi ukizidi linki mbili au tatu umekwisha kuwa kitu kingine.

Nyingi ya programu za kuandikia mapishi zina sehemu ya vyombo ndani ya kadi ya mapishi, yaani kile kisanduku chenye muhtasari wa mapishi yote, kati ya viambato na hatua za kupika au karibu na hapo. Itumie. Msomaji anayepanga mapishi hupitia viambato na vyombo ili ajue anachokosa, na orodha ya vyombo ndiyo inayomkumbusha kwamba hana mizani au hana chombo cha kuokea. Yule aliye jikoni hatasumbuka nayo, kwa sababu ni mistari michache isiyokatiza hatua alizomo. Ninachokuomba ni usiitie linki kati ya hatua moja na nyingine, pale kidole chenye unga kinapopeleka ukurasa juu na chini. Bila shaka ndipo mama wa Malindi alipokuwa akijikuta dukani.

Nimesema linki zipungue katika mapishi. Zilizotolewa huko nyingi hazitupwi, bali zinatafutiwa ukurasa wake. Andika ukurasa mmoja mzima juu ya namna ya kuchagua blenda ya kusagia mchele ulioloweshwa, mbaazi na nazi; mwingine juu ya vyombo vya mahamri na chapati; mwingine, ukipenda, juu ya njia za kupata tui kwa mtu asiye na mbuzi ya kukunia nazi. Anayeufungua ukurasa wa namna hiyo amekuja kutafuta chombo, kwa hiyo linki kwake ni msaada. Kutoka katika mapishi yako, badala ya kumpeleka mtu dukani moja kwa moja, mpeleke kwanza kwenye ukurasa huu wa kuchagulia, akitaka. Programu ya Google ya bure iitwayo Search Console itakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kuingia kwako, na ukikuta wanauliza kuhusu blenda, sufuria au mizani, umepata kichwa cha ukurasa wako unaofuata.

Katika ukurasa wa kuchagulia, linki moja haitoshi, kwa kuwa watu hufikia uamuzi mahali tofauti. Yuko anayetaka jibu la haraka, naye mwekee mapema sana sentensi mbili za chaguo lako na linki yake. Yuko anayetaka kulinganisha, naye mwekee jedwali lenye nguvu ya mota kwa wati, ujazo wa jagi, kama jagi ni la kioo au la plastiki, na linki mwishoni mwa kila mstari. Yuko asiyeridhika mpaka asome yote, naye mwekee linki pale unapomaliza kukieleza kila chombo, baada ya kutaja uzuri na ubovu wake. Ubovu uuseme kweli: kama ina kelele za kumwamsha mtoto, au kifuniko huvuja tui likijaa, andika. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha, lakini hata isingekuwapo, kukisifu chombo usichowahi kukitumia ni kumdanganya mtu aliyekuamini chakula cha wanawe. Bei usiiandike kwa mkono wako. Inabadilika, na Amazon hairuhusu bei zake kuonyeshwa isipokuwa kwa njia zake yenyewe zinazozisasisha.

Iko sababu nyingine ya kuiweka linki karibu na uamuzi. Linki ya Amazon humkumbuka mtu kwa saa 24 tu tangu abofye. Akikitia kitu kwenye kikapu ndani ya saa hizo, kamisheni yako inaweza kuhesabiwa hata akikilipia baadaye, hadi siku 90. Asipokitia, na akarudi mwenyewe wiki inayofuata bila kupitia kwako, hupati kitu. Linki iliyoko katika utangulizi unaosimulia mahamri ya bibi inabofywa na mtu aliye mbali na kununua, hivyo hata ikibofywa saa zake zinakwisha bure.

Maneno yanayobebeshwa linki yaseme yanakopeleka. «Bofya hapa» halimwambii mtu lolote, na asiyeona anayesomewa ukurasa na simu husikia «bofya hapa, bofya hapa» bila kujua ni wapi. Andika «blenda ninayosagia mchele» au «sufuria ya kina ya kuokea». Picha ya chombo unaweza kuitia linki, kwa kuwa watu hugusa picha wakitaka kujua zaidi. Picha ya chakula usiiguse kabisa: mtu anaigusa ili aikuze aone rangi ya mkate ulivyoiva, na kumpeleka dukani wakati huo ni kama muuzaji wa Marikiti kumshika mteja mkono kwa sababu tu ameangalia upande wa kibanda chake.

Linalofuata huenda ndilo linalokuvunjia mauzo zaidi kuliko mahali pa linki. Umesema wasomaji wako wengi wako Kenya. Amazon haina duka la Kenya, na msomaji wa Changamwe anayepelekwa kwenye duka la Marekani atakuta vitu vingi havifiki kwetu, na vinavyofika vina gharama ya usafirishaji na ushuru inayomkatisha tamaa. Zaidi ya hayo, mipango ya Amazon ya Marekani, ya Uingereza na ya Falme za Kiarabu husajiliwa kila mmoja peke yake, na mauzo ya duka moja hayahesabiwi katika akaunti ya duka jingine. Ipo huduma yake iitwayo OneLink inayoweza kumpeleka msomaji katika duka la nchi aliyomo ikiwa umejisajili huko na umeziunganisha akaunti. Kwa wasomaji wa hapa, tafuta duka la mtandaoni linalouza na kufikisha mizigo Kenya na lenye mpango wa afilieti, uiweke linki hiyo kwanza na ya ughaibuni baadaye, kila moja ikiwa na neno linaloieleza: «kwa walioko Kenya», «kwa walioko Uingereza». Tena vingine havihitaji linki. Mbuzi ya nazi, kifumbu na kinu, mwambie msomaji wa Mombasa kwamba atavipata sokoni, na usione umepoteza.

Rafiki yako anayekushauri ufiche anakutakia mema, lakini ushauri wake ni hatari. Amazon inakutaka useme waziwazi kwamba unapata kipato kwa manunuzi yanayopitia kwako, na haikubali linki zilizofichwa zisijulikane zinakwenda wapi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, inataka tangazo la namna hiyo lionekane vizuri na liwe karibu na linki yenyewe, na Uingereza nako mamlaka ya matangazo huhesabu linki za kamisheni kuwa tangazo linalopasa kutambulika. Wasomaji wako wako katika nchi hizo. Basi weka juu, kabla ya linki ya kwanza na si mwishoni mwa ukurasa, sentensi ya Kiswahili inayoeleweka na kila mtu: «Baadhi ya linki za ukurasa huu hunipa kamisheni ukinunua, bila wewe kuongezewa bei.» Pamoja nayo uweke maneno ambayo Amazon yenyewe inataka yawekwe. Kwa upande wa Google, kila linki ya kulipwa itiwe alama ya «sponsored» katika msimbo wake, ili Google ijue kuwa ni linki ya biashara; alama hiyo iliyoletwa mwaka 2019. Ile ya zamani ya «nofollow», ya mwaka 2005, bado inakubalika. Programu nyingi za tovuti hukuwekea kwa kugusa kisanduku kimoja.

Mpwa wako anazungumzia bahati, nawe huhitaji bahati ikiwa unaweza kupima. Amazon hukuruhusu kutengeneza vitambulisho mbalimbali vya ufuatiliaji, yaani majina yanayoonyesha mauzo yametoka kwenye linki zipi, katika akaunti moja. Kipe kimoja linki za kadi ya mapishi, kingine linki za ndani ya maelezo, kingine jedwali la ukurasa wa kuchagulia, na baada ya muda utaona ni wapi panapobofywa na wapi panaponunuliwa, kwani hayo ni mambo mawili na mara nyingi hayapatikani pamoja. Badilisha jambo moja kwa wakati. Na kwa tovuti kama yako, usilinganishe kamwe mwezi wa Ramadhani na Mfunguo Mosi: watu wote hutafuta kaimati na mikate kabla ya magharibi ya Ramadhani, kisha hupungua ghafla baada ya Idi, na ungeweza kudhani mabadiliko yako yameharibu kazi kumbe ni msimu tu umepita. Linganisha wiki za kawaida na wiki za kawaida.

Sasa kaka yako. Mshukuru kwa moyo wake, lakini mwambie asinunue. Masharti yanakataza mwenye akaunti kununua kwa linki zake mwenyewe, na manunuzi ya jamaa yaliyopangwa ili kuiokoa akaunti yanaweza kukataliwa na kuiponza akaunti yenyewe. Pia, kama nilivyosema, akinunua katika duka la Uingereza hayakufai kitu ikiwa umejisajili Marekani peke yake. Ujuaji wako kuhusu siku 180 ni sahihi: wanataka mauzo matatu halali katika muda huo. Lakini muda ukipita bila kuyapata, akaunti hufungwa nawe unaweza kuomba upya ukishautengeneza ukurasa. Utakapopokelewa upya utapewa kitambulisho kipya, na linki za zamani hazitakulipa mpaka uzibadilishe moja baada ya nyingine, kwa hiyo tangu leo fungua daftari au jedwali la kompyuta na uandike kila linki iko katika ukurasa gani, chini ya sentensi gani, na inakwenda duka lipi.